Stempu Mia za Mahanyu

Hapo zamani, na si zamani ile ya sungura kuoa, bali zamani ya juzi, watu walipokuwa bado wanaandika barua kwa mkono na kubandika stempu kwa ulimi, palikuwa na mji mdogo katika milima ya Usambara, na mji huo ulikuwa na ukungu. Ukungu wenyewe si wa mzaha. Mtu alitoka nje saa mbili asubuhi, akausalimia mgomba, "Shikamoo, baba mkwe," mgomba ukanyamaza, naye akaenda zake akinung'unika kwamba wazee wa siku hizi wana maringo.

Katika mji huo aliishi Mwalimu Singano, mstaafu, mgane, mtu wa miaka sitini na minane. Wenzake walipostaafu walifuga ng'ombe. Yeye alifuga stempu. Na si stempu za vipepeo wala za twiga, ambazo hata mtoto angezipenda. Alifuga stempu za Kijerumani za kila siku, zile ndogo za rangi moja zenye picha ya ngome, ambazo Wajerumani wenyewe huzibandika bila kuzitazama. Alikuwa nazo mia nne. Ngome ileile, mara mia nne.

"Mwalimu," watu walimtania, "hiyo ngome unaikusanya au unataka kuiteka?"

"Na hizi zote si kitu kimoja tu?" aliuliza mwingine.

"Kitu kimoja?" Mwalimu aliruka kama aliyekalia siafu. "Mama yako amezaa sita, wote pua moja. Utasema amezaa mmoja? Tazama! Hii ina meno pande zote nne. Hii kibogoyo upande mmoja, ilitoka kwenye kijitabu cha stempu. Hii ukiimulika kwa taa ya zambarau inawaka kama jicho la paka. Huyu dada yake hawaki, karatasi yake ni ya kale. Na hii, malkia, igeuze mgongo. Unaona nini?"

Mgongoni palikuwa na namba ndogo nyeusi.

Ishikeni namba hiyo, maana ndiyo itakayoua mtu. Kule Ujerumani stempu nyingine hazitoki kiwandani kwa karatasi pana. Hutoka zimeviringwa, kama utepe wa kupimia wa fundi cherehani. Na mgongoni mwa kila stempu ya tano huchapwa namba, ili mwenye utepe ajue zimebaki ngapi. Nne tupu, ya tano ina namba. Ukishaibandika kwenye bahasha, namba inalala kifudifudi, haionwi na mtu, mpaka atokee mwendawazimu mwenye bakuli la maji aje kuibandua.

Mwendawazimu huyo ndiye Mwalimu.

Jirani yake alikuwa Bi Mkunde, muuza mapeasi, mwanamke mwenye sauti ya kuita watu mlima wa pili bila simu. Alikuwa na mtoto mmoja tu duniani, Mahanyu, aliyekwenda Ujerumani kuoka mikate. Bi Mkunde hakujua kusoma. Barua ya Mahanyu ilipofika, Mwalimu alimsomea. Majibu yalipohitajika, Mwalimu aliandika. Ujira wake ulikuwa kona ya bahasha, ile yenye stempu.

Barua ya kwanza ilisema hivi: "Mama, nimepata chumba. Aliyekuwa akikaa humu ni mzee mmoja mwembamba kama fito, ameniachia utepe wa stempu mia moja. Ameniambia nizilambe mwenyewe, na barua zangu hazitapotea hata moja."

Na hazikupotea. Barua za watu wengine kutoka Ulaya zilitumia wiki tatu, zikafika zimechoka, zimechanika pembe. Za Mahanyu zilifika siku ya nne, kavu, hata mvua ikinyesha. Ukizishika zilikuwa na ubaridi, kama kitu kilichotolewa kisimani.

Mwalimu akachukua kona ya bahasha ya kwanza. Akailoweka, akangoja, akaibandua, akaigeuza. Tupu.

Mwezi wa pili akailoweka, akangoja, akaibandua, akaigeuza. Tupu. Wa tatu, tupu. Wa nne, tupu. Wa tano, Mwalimu akaigeuza, akapiga kelele mpaka Bi Mkunde akaja mbio na mwiko akidhani ni nyoka.

Tisini na tano!

"Mama Mahanyu, unajua maana yake? Mwanao ana utepe mzima! Nitapata tisini, nitapata themanini na tano, nitapata mpaka tano! Namba zote za utepe mmoja, mgongo kwa mgongo! Hakuna mtu Tanga nzima mwenye kitu hicho!"

"Tanga nzima nani anakitaka, Mwalimu?" alisema Bi Mkunde. Lakini alicheka, kwa sababu furaha ya jirani ni nusu ya uji.

Mwalimu akachora katika albamu visanduku kumi na tisa. Tisini na tano kikajaa. Tisini kikajaa. Kisha akapiga hesabu, na hesabu ikampiga yeye. Kila namba miezi mitano. Visanduku kumi na saba vilivyobaki, miaka saba na ushee. Na kifua chake tayari kilikuwa kinakoroma kama birika la chai. Basi katika majibu ya mwezi ule, chini ya salamu za Bi Mkunde, Mwalimu akaongeza mstari mmoja: "Andika kila wiki, mwanangu." Alipokwisha kuuandika ndipo akamuuliza mama mtu.

"Nimemwambia aandike kila wiki. Nimekosea?"

"Umekosea?" Bi Mkunde alifuta macho kwa pembe ya kanga. "Ningejua kuandika ningemwambia kila siku."

Barua zikaja kila wiki. Tupu, tupu, tupu, tupu, kisha namba. Themanini na tano. Themanini. Sabini na tano. Bi Mkunde akanenepa kwa furaha. Mwalimu akawa anaamka akiimba.

Barua ya namba sabini ilisema: "Mama, ulimi wangu umekuwa mkavu siku hizi. Nikilamba stempu, unashika kidogo kabla ya kuachia."

"Mwambie atafune tangawizi," alisema Bi Mkunde.

Barua ya namba sitini na tano ilisema: "Mama, siku hizi sionji. Bosi alinipa donge la unga nilipime chumvi, nikashindwa kujua kama lina chumvi au sukari. Mwokaji asiyeonja ni nini, mama?"

"Ni mwokaji mwenye mafua," alisema Bi Mkunde, lakini safari hii hakucheka.

Ilipotoka namba sitini, Mwalimu aliitazama muda mrefu ikiwa bado imelowa juu ya kitambaa. Akaitoa ile tisini na tano, akaziweka pamoja. Ya kwanza namba yake ilikuwa ya kijivu, nyembamba. Ya leo ilikuwa nyeusi tii, imenona. Akachukua barua zenyewe. Mwandiko wa barua ya mwanzo ulikuwa mnene, wa kijana aliyeshiba. Wa leo ulikuwa umekonda, kama wino umetiwa maji.

Namba zilinenepa kadiri mwandiko ulivyokonda.

Mwalimu akafunga albamu. Akakaa. Akaifungua tena, akaibandika sitini mahali pake, kwa sababu kisanduku kitupu humkera mkusanyaji kuliko jino bovu. Lakini moyo haukutulia. Asubuhi akaitwaa stempu ile, akapita ndani ya ukungu, akaenda kwa Fundi Kupaza.

Fundi Kupaza alitengeneza saa. Alikuwa na kioo cha kukuzia alichokibana jichoni mpaka akalala nacho, na alikuwa na taa ya zambarau, ya pekee katika wilaya. Naye alikusanya stempu, ila kwa siri, kama wengine wanavyokunywa gongo.

"Fundi, itazame hii. Ni ya kawaida?"

Fundi akaimulika. Stempu za aina ile zilipaswa kuwaka kidogo, njano ya majani machanga. Hii haikuwaka. Hata meza iliyoizunguka ilififia, kama stempu inaunywa mwanga. Akaigeuza, akaisugua namba kwa kidole kilicholowa. Namba za tepe kama zile huchapwa juu ya gundi. Ukizibandua majini hubaki zimefifia, na ukizisugua hutoka pamoja na gundi yake. Hii ilikuwa imeshalowekwa, haina gundi hata chembe, na namba bado ipo. Haikuchapwa juu ya karatasi. Ilikuwa imo ndani, kama mshipa. Fundi akaweka kidole juu yake. Ikapiga. Ikatulia. Ikapiga.

Fundi Kupaza alijua saa, na alijua kitu kinachohesabu kwenda chini kinahesabu nini.

"Vipi?" aliuliza Mwalimu.

Na hapa ndipo Fundi alipofikiria mwisho wa utepe. Namba hukoma kwenye tano. Baada ya tano, stempu nne tupu, kisha ile ya mwisho kabisa. Mgongoni mwa ile ya mwisho kuna nini? Hakuna mkusanyaji aliyewahi kuiona. Angekuwa wa kwanza.

"Kawaida tu," alisema Fundi, akamrudishia. "Ila Mwalimu, ukifika mwisho wa utepe, ile ya mwisho niletee niitazame kwanza. Sawa?"

"Sawa."

Mwalimu akarudi nyumbani amepoa, kwa maana fundi amesema kawaida, na nani ampinge mtu mwenye taa? Jioni ile akaandika: "Mama yako anafurahi sana. Andika mara mbili kwa wiki." Safari hii hakumuuliza mama mtu kabisa.

Zikaja mbilimbili. Tupu, tupu, tupu, tupu, hamsini na tano. Tupu, tupu, tupu, tupu, hamsini. Arobaini na tano. Arobaini.

Barua ya namba thelathini ilisema: "Mama, nikipita mbele ya kioo cha duka naiona mikate vizuri, naiona barabara, mimi mwenyewe sijioni sawasawa. Naomba nipumzike kuandika mwezi mmoja tu."

Mwalimu aliisoma yote, hakuruka neno. Kisha akamtazama Bi Mkunde, akitumaini atakataa, na wakati huohuo akiogopa kutumaini. Visanduku vilikuwa vimebaki vitano.

Bi Mkunde akasimama. "Asiandike mwezi mzima? Na mimi nitajuaje kama yu hai? Baba yake aliondoka hivyohivyo, akasema nipumzike kidogo, mpaka leo anapumzika! Mwalimu, shika kalamu. Mwambie, mtoto asiyeandika mimi nahesabu amekufa. Aandike."

Mwalimu akaandika.

Ishirini na tano. Ishirini. Kumi na tano. Mwandiko ukawa uzi wa buibui. Kumi. Tano! Albamu ikajaa, visanduku vyote kumi na tisa, na Mwalimu alipoifunga alisikia kitu kinatweta ndani yake, akaiwekea juu jiwe la kusagia pilipili.

Kisha tupu. Tupu. Tupu. Kisha kimya cha wiki nzima, na Bi Mkunde akamwandikisha Mwalimu: "Mbona kimya? Unataka kuniua? Andika!" Barua hiyo ikatangulia. Siku mbili baadaye ikafika ya Mahanyu, ya tisini na tisa, yenye mistari mitatu iliyobidi isomwe kwa kioo cha Fundi.

"Mama, kuna neno nilikuficha. Yule mzee aliniambia nilambe moja kwa mwezi, nipate miaka minane ya kutafuta njia ya kuuacha utepe kabla haujanimaliza. Yeye wa kwake aliulamba kwa haraka, na kesho yake akafa. Nilijaribu stempu za dukani, lakini ulimi unazikataa. Imebaki moja. Nibandike au nisibandike?"

Bi Mkunde alitoa sauti ambayo mlima wa pili uliisikia. "Asibandike! Andika asibandike!" Mwalimu akaandika kwa herufi kubwa kama za ubaoni, USIBANDIKE, akakimbia posta mwenyewe, mzee wa kifua kibovu, akibandika stempu halali ya nchi yetu. Stempu halali hutumia wiki tatu.

Ile ya "Andika!", iliyoitangulia kwa siku mbili, ikafika kwanza kwa Mahanyu, na siku ya nne baada yake ikafika kwetu bahasha ya mia moja. Ndani yake karatasi tupu. Mwalimu akailoweka kona, Fundi amesimama nyuma yake akipumulia shingoni. Akangoja, akaibandua, akaigeuza. Palikuwa na sifuri. Duara dogo jeusi, kama mdomo uliofunguka kutaka kusema.

Habari ikaja kwa simu ya parokia, maana msikiti haukuwa na simu. Mahanyu amekutwa mezani, amekaa wima, mbele yake barua ya mama isemayo andika. Madaktari hawakuona maradhi. Walisema amekauka.

Akazikwa hukohuko. Hapa nyumbani watu wakaweka matanga, siku zikahesabiwa, ikafika arobaini. Hitima ikasomwa mchana, watu wakala wakatawanyika. Wakabaki watatu, Bi Mkunde mkekani, Mwalimu Singano kwenye kigoda, Fundi Kupaza karibu na mlango, kila mmoja akitazama ukungu ili asimtazame mwenzake.

Ukungu ukapiga hodi.

Alikuwa Bi Tunu, karani wa posta, amekumbatia daftari la rejista, rangi imemtoka. "Poleni na msiba," alisema. "Kuna barua ya rejista. Nimekaa dirishani miaka kumi na tisa sijaona anuani kama hii. Imeandikwa: Kwa aliyenimaliza. Apewe mkononi, atie sahihi."

Mwandiko ulikuwa wa Mahanyu. Mnene, wa kijana aliyeshiba.

Bi Tunu akaiweka mezani pamoja na daftari. Stempu ilikuwa ngome ileile. Na katikati bahasha ilikuwa imevimba, kama imemeza kitu cha duara. Fundi akaigusa kwa ncha ya kidole, akaurudisha mkono haraka. "Ni utepe," alisema. "Mzima. Atakayetia sahihi, ni wake."

"Sheria yetu," alisema Bi Tunu, "barua isiyo na mpokeaji hurudishwa kwa aliyeituma. Aliyeituma mmemsomea hitima sasa hivi. Haya niambieni, nairudisha wapi? Nafunga saa kumi. Semeni ni ya nani."

Bi Mkunde akanyoosha mikono yote miwili. "Nipe mwanangu."

"Mama Mahanyu, ukitia sahihi umekiri!"

"Nakiri, Mwalimu! Nani alisema mtoto asiyeandika amekufa? Ni mimi. Aliomba apumzike, nani alimkatalia? Ni mimi. Barua iliyokutwa mezani ni maneno yangu. Wewe ulikuwa kalamu tu, na kalamu haina dhambi. Hata akiniita muuaji, ni sauti yake. Nipe niisikie."

"Kalamu iliongeza," alisema Mwalimu, na sauti yake ikawa ndogo kama ya mwanafunzi aliyekutwa na kosa. "Kila wiki, nilianza mimi. Mara mbili kwa wiki, hukusema wewe. Nilimharakisha mwanao ili nijaze visanduku. Lakini, Wallahi, sikujua! Niliona namba zinanona, nikaogopa, nikaenda kuuliza kwa anayejua. Anayejua akaniambia kawaida. Fundi, wewe ungesema neno moja tu, Mahanyu angekuwa na stempu hamsini na ushee mkononi na miaka ya kuzitafutia dawa!"

Na hata alipokuwa akisema hayo, aibu ilioje, jicho la Mwalimu lilikuwa kwenye kona ya bahasha, likijiuliza mgongoni kuna namba gani.

"Nilijua," alisema Fundi Kupaza. "Sikatai. Lakini mimi niliomba barua gani? Moja? Nusu? Nyinyi ndio mliovuta utepe, mimi niliutazama ukienda. Tangu lini macho yakaua? Na kama kosa ni kujua, aliyejua kabla yangu ni marehemu. Alionywa siku ya kwanza. Akaficha. Akalamba mia moja kwa ulimi wake mwenyewe. Aliyemmaliza Mahanyu ni Mahanyu. Irudishwe kwake."

"Alilamba kwa sababu mama yake alimwambia!" Bi Mkunde alimjia juu. "Utii nao ni kosa? Fundi, na wewe mama yako alikuzaa au ulitengenezwa na saa mbovu?"

"Basi tia sahihi wewe, bibi, si unataka!"

"Hatatia!" Mwalimu akaipokonya kalamu mkononi mwa Bi Tunu. "Mama aliyefiwa apewe tena stempu mia za kulamba? Nani huyo atakayesimama hapa atazame?" Lakini kalamu ilipogusa daftari, mkono ulisimama. Alikumbuka ulimi unaoshika kabla ya kuachia. Bi Mkunde akaudaka mkono ule ule wenye kalamu, akauvuta kwake. Fundi akiwa mlangoni alikwisha kutoa mguu mmoja nje, na mwingine ulikataa kumfuata.

Bahasha mezani ikajigeuza kidogo, kama mtu anayetafuta ubavu mzuri wa kulalia.

"Mstari ni mmoja tu, wapendwa," alisema Bi Tunu, akilisogeza daftari katikati. "Sahihi ni moja. Sasa hivi ni saa kumi kasorobo."

Haya, nyinyi mnaosikiliza, msiangalie chini! Mama alipenda, akaagiza. Mwalimu alitamani, akaharakisha. Fundi alijua, akanyamaza. Mahanyu alionywa, akatii. Bi Tunu anawangoja nyinyi, kalamu ingali hewani, na hapo mezani kuna utepe usiojali nani atalamba.

Je, sahihi ile ni ya nani?